Ukiwa na idadi bungeni, upitishe sheria ya afya peke yako ama ungoje upinzani?

Mkaaji_Donholm

Wasee habari za jioni. Niko na swali na naomba nijibiwe pole pole bila kupachikwa chama, juu hapa mtu akiuliza kitu ya siasa anaulizwa kwanza jina lake la mwisho ni gani. Leo kazini huku Industrial Area tulikuwa tunalinganisha makato. Mshahara wangu ni 80,000, enzi za NHIF, ile bima ya zamani ya taifa, nilikuwa nakatwa 1,500, saa hii SHA iliyochukua nafasi yake inachukua 2,200 kila mwezi, ile 2.75 kwa mia. Sasa jamaa wa stoo akasema hii sheria ilipitishwa mbio na upande mmoja ndio maana inasumbua, mwingine akamrukia akamwambia hata Obama alipitisha bima yake ya afya bila kura hata moja ya upinzani na iko mpaka leo, kwa hivyo aliye na idadi apitishe, asingoje mtu. Yule wa kwanza akasema iko lakini wameivuta miaka yote, serikali yao ikafungwa mara kadhaa juu ya hiyo bima.

Tulirudi kazini bila jibu. Swali langu ni mawili. Moja, kama una wabunge wa kutosha, kungoja upinzani kunasaidia ama kunaua mswada? Mbili, ukiwa upinzani na unajua hauna idadi, mbinu nzuri ni kukataa kila kitu ama kuingia ndani ubadilishe vipengele? Sitaki matusi, nataka mtu anayejua venye ilienda.

msomaji_wa_usiku

Kaka, hao wenzako wote wameshika ukweli nusu nusu, wacha nikupangie kutoka mwanzo halafu utaamua mwenyewe.

Seneti ya Marekani haifanyi kazi kama yetu. Iko na watu 100 na mswada unapita na 51, lakini kabla mfike kwa hiyo kura lazima mjadala ufungwe, na kuufunga ni kura 60. Upinzani ukiwa na watu 41 wanaoshikana, mswada unakwama hapo na haupigiwi kura kabisa. Wao wanaita filibasta. Kwa hivyo Obama akiingia 2009 swali halikuwa ni wangapi wanampenda, lilikuwa mtu wa 60 atatoka wapi. Arlen Specter wa Pennsylvania akahama Republican, chama cha upinzani, akaingia Democrat ya Obama mwezi wa Aprili, Al Franken wa Minnesota akaapishwa Julai baada ya kesi ya kura kuvutana miezi mingi, ndio wakafika 60 ukihesabu na wale wawili huru, Bernie Sanders na Joe Lieberman.

Sasa hapa ndipo swali lako la kwanza liko. Mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Seneti alikuwa Max Baucus, ni Mdemocrat, lakini alitaka sana sheria iwe na mikono ya pande zote mbili. Akaketi na kikundi cha maseneta sita, watatu wa huku watatu wa kule, wale wa Republican wakiwa Grassley, Enzi na Snowe. Wakaketi msimu mzima wa katikati ya mwaka. Wenzao wa Republican nje ya hicho chumba walikuwa wameshaona kwamba muda uko upande wao. Seneta Jim DeMint alisema hadharani mwezi wa Julai kwamba wakimzuia Obama hapo, watakuwa wamemvunja. Agosti wabunge wakarudi mashinani, mikutano ikawa ni kelele tupu, wazee wakaambiwa kuna kamati za serikali zitakaa kuamua nani atibiwe na nani aachwe afe, kitu ambacho hakikuwa kwa mswada hata kidogo. Baucus bado anangoja Grassley. Mwishowe Grassley hakuja, Enzi hakuja, Snowe akaunga mkono kwa kamati Oktoba lakini ulipofika kwa Seneti nzima akasema hapana.

Na usifikiri walikataliwa kuchangia. Kamati ya afya ya Seneti iliingiza zaidi ya marekebisho 100 ya Warepublican, mengi madogo madogo ndio, lakini yaliingia, na bado kura haikupatikana.

Bei ya kungoja ilikuja kulipwa baadaye. Ted Kennedy alifariki Agosti 25. Massachusetts ikabadilisha sheria yake haraka gavana akateua mtu wa muda, Paul Kirk, ndio Seneti ikapitisha mswada asubuhi ya Desemba 24, kura 60 kwa 39. Lakini Januari 19, 2010 kukawa na uchaguzi mdogo wa kujaza kile kiti cha Kennedy na Scott Brown wa Republican akashinda. Sitini zikawa 59. Na kumbuka Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha mswada wake tofauti tangu Novemba, 220 kwa 215, na huo ulikuwa na kura moja ya Republican, ya Joseph Cao wa New Orleans, kwa hivyo mwambie mwenzako hiyo ya "hata moja" ni ya mwisho tu. Kawaida ile miswada miwili ingeunganishwa halafu irudi pande zote. Lakini ikirudi Seneti inakutana na 59. Nancy Pelosi, Spika wa hilo Baraza, ikabidi achukue ule wa Seneti vile ulivyo, nukta na koma, ukapita 219 kwa 212 Machi 21, Obama akasaini Machi 23, halafu marekebisho yakapitishwa kwa njia ya bajeti ambayo filibasta haiigusi na inataka 51 peke yake.

Ndio maana ile sheria iko na mishono inaonekana. Kuna maneno machache kuhusu soko la bima "lililoanzishwa na jimbo" ambayo kwa kuunganisha kawaida yangesafishwa, yakabaki, na wapinzani wakayapeleka mpaka Mahakama ya Juu 2015 wakitaka ruzuku zikatwe kwa mamilioni ya watu. Ikaokoka 6 kwa 3.

Kwa hivyo mimi kwa swali la kwanza nasema hivi: kungoja mtu ambaye ameshaamua hatakuja ni kumpa silaha. Kwa swali la pili ndio kuna kitu watu hawaoni. Wale Warepublican 40 kwa kukataa kila kitu walihamisha nguvu yao yote wakampa mtu wa 60. Lieberman peke yake alisema bima ya serikali ya kushindana na kampuni itoke, ikatoka. Alisema wazo la kufungulia watu wa miaka 55 Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, litoke, likatoka. Ben Nelson wa Nebraska aliomba jimbo lake lilipiwe milele gharama za Medicaid, bima ya serikali ya maskini, akapewa, kukawa na kelele mpaka ikaja kuondolewa. Hao wawili waliandika sheria kuliko upinzani wote. Upinzani ungeenda na kura tano mezani ungepata vitu vikubwa sana, juu Obama na Baucus walikuwa wanazitafuta kwa udi na uvumba.

Ruaka_Raia

Msomaji umeeleza vizuri lakini hapo mwisho nakataa. Unaangalia sheria, wao walikuwa wanaangalia viti. Novemba 2010 Wademocrat walipoteza viti 63 kwa Baraza la Wawakilishi. 63! Upinzani ungeingia ukasaidia, hiyo ingekuwa sheria ya wote na hakuna mtu angeadhibiwa. Kwa mwanasiasa kukataa ilikuwa hesabu sahihi kabisa, na mimi sioni aibu kuisema. Upinzani kazi yake si kusaidia serikali kupata sifa.

msomaji_wa_usiku

Ruaka viti walipata, sikatai. Lakini walivipata kwa ahadi ya kufuta ile sheria, na hiyo ahadi ikawafunga. Waliipigia kura ya kuifuta tena na tena huku wakijua Obama ataikataa. Oktoba 2013 serikali ikafungwa siku 16 juu yake. Halafu 2017 wakawa na rais, Seneti na Baraza, kila kitu. Baraza likapitisha 217 kwa 213. Seneti ikachukua ile ile njia ya bajeti ya 51, usiku wa kuamkia Julai 28, na ikaanguka 49 kwa 51. Susan Collins, Lisa Murkowski na John McCain. McCain alikuwa amegunduliwa na saratani ya ubongo mwezi huo huo, akaingia saa saba na nusu usiku akaelekeza kidole gumba chini. Huyo ni mtu aliyepinga mswada wa Obama 2009. Alichokuwa analalamikia siku zile ni kwamba mnarudia makosa yale yale, mnaandika sheria ya afya ya watu wote kwa siri bila kamati na bila upande wa pili.

Na kwa nini Collins na Murkowski walikataa? Juu kufikia 2017 watu wa majimbo yao walikuwa ndani ya bima. Alaska na Maine si mahali pa matajiri peke yao. Mgonjwa wa kisukari ambaye zamani kampuni ilikuwa inamkataa kwa sababu anaumwa tayari, sasa hawezi kukataliwa. Kijana anabaki kwa bima ya mzazi mpaka miaka 26. Majimbo yaliyopanua Medicaid hospitali za mashambani zilikuwa zinalipwa. Ukitaka kuiondoa unamwambia nini huyo mtu? Kukataa kulileta viti lakini hakukuleta sheria nyingine ya kuweka mahali pa hiyo, hawajawahi kukubaliana juu ya moja.

Mzee_wa_Makadara

Vijana wangu, naona mmeenda mbali sana na mmeruka ya nyumbani. Mimi nilikuwa nafanya kazi ya uhasibu mjini wakati wa NARC, ule muungano wa vyama uliomweka Kibaki, na nakumbuka mswada wa Charity Ngilu vizuri kuliko huo wa Obama.

Mwaka wa 2004 Ngilu akiwa Waziri wa Afya alileta mswada wa bima ya afya ya jamii ya kitaifa, ya kuchukua nafasi ya NHIF ambayo iko tangu 1966. Kila Mkenya awe ndani, mwenye mshahara achangie, asiyejiweza alipiwe na serikali. Bunge likaupitisha Desemba. Ukapita, haukuanguka! Halafu Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi akaurudisha bungeni, na huko ukalala.

Nani aliuua? KANU ilikuwa upinzani na haikuuua. Waliouua walikuwa ndani ya serikali ile ile. Wizara ya Fedha ilisema pesa za kuwalipia maskini hazipo. Waajiri hawakutaka makato mapya. Kampuni za kibinafsi za bima ya matibabu zilikuwa zinaona biashara yao inaenda. Na NARC yenyewe wakati huo ilikuwa imeshapasuka katikati, kambi ya LDP upande wao na kambi ya NAK upande wao, wakigombania ule mkataba wa kabla ya uchaguzi na katiba mpya. Mswada wa afya ukapita katikati ya nyumba inayogombana na kila mtu alikuwa na sababu yake ya kuuacha.

Kwa hivyo mwanangu wa Donholm, ukiniuliza mimi, kabla ya kuhesabu wapinzani hesabu wako. Huyo kijana amesema vizuri kuhusu Lieberman. Sisi Lieberman wetu alikuwa Hazina ya Kitaifa.

Na tukalipa. Kutoka 2004 mpaka 2023 ni miaka 19, watu wakauza mashamba kulipia saratani na figo. Nimechangia matanga na harambee za hospitali katika hiyo miaka mpaka nimechoka. Hilo jambo linaniuma hadi leo, na nikisikia mtu anasema bora mswada ungoje namuuliza angoje nani alipe.

Mkaaji_Donholm

Mzee shikamoo, asante sana, hiyo ya Ngilu nilikuwa naisikia juu juu tu sikujua ilipitishwa kabisa. Msomaji asante pia. Sasa hii yetu ya 2023 ilikuwaje, upinzani ulicheza mbinu gani? Mimi nakumbuka tu Mashujaa kule Kericho halafu makato.

Wakili_Ngara

Hapo niingie kidogo. Baraza la mawaziri liliidhinisha ile miswada minne mwisho wa Agosti 2023, ya bima ya jamii, afya ya msingi, afya ya kidijitali na ile ya hospitali kubaki na mapato yao. Oktoba 19 Rais Ruto akasaini zote nne kwa mkupuo mmoja, siku moja kabla ya Mashujaa. Haikufika miezi miwili. Ukilinganisha na mwaka mzima wa Obama hiyo ni kasi ya ajabu. Sisi hatuna filibasta, Spika anagawa dakika, kiongozi wa wengi na kiranja wanahesabu watu wao, imeisha. Seneti kidogo kuna breki, juu mswada unaogusa kaunti unapigiwa kura na ujumbe wa kaunti, kura moja kila kaunti kati ya 47, lakini ukiwa na kaunti za kutosha nayo inapita.

Na hata swali la nani ndio wengi lilikuwa na utata wake. Oktoba 2022 Spika Wetang'ula aliamua Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, ndio upande wa wengi baada ya vyama vingine kuhama kutoka Azimio, muungano wa Raila, na Februari 2025 Mahakama Kuu ikasema huo uamuzi haukuwa halali. Kwa hivyo nguvu ya kupanga ratiba ya bunge, ya kuchagua mswada gani unasomwa lini, ilikuwa mikononi mwa upande ambao mahakama ilikuja kusema haukuipata kihalali. Kwa mbinu za bunge hiyo si kitu ndogo.

Sasa upinzani. Miezi ile ile ya Agosti hadi Novemba 2023 viongozi wa Azimio na Kenya Kwanza walikuwa wameketi Bomas kwa mazungumzo, Kalonzo upande mmoja na Ichung'wah upande wa pili. Walikuwa na meza, na serikali ilikuwa inataka utulivu baada ya maandamano, yaani upinzani ulikuwa na kitu cha kuuza. Mezani wakaweka tume ya uchaguzi IEBC, gharama ya maisha, mifuko ya fedha kuingizwa kwa katiba, ofisi ya kiongozi wa upinzani. Bima ya afya ya kila Mkenya haikuwa kwa orodha. Hapo ndipo mimi nawalaumu, na nawalaumu kwa uchungu, juu ile 2.75 bila kikomo cha juu, na ile ya mfanyabiashara mdogo kulipa mwaka mzima mara moja, ni vitu ambavyo vingebadilishwa na vipengele viwili.

Kwetu filibasta ni mahakama. Mswada ukikushinda bungeni unaenda Milimani, Mahakama Kuu. Novemba 2023 amri ya kwanza ya kusimamisha ikatoka, Januari Mahakama ya Rufaa ikailegeza lakini ikaacha vile vipengele vya kumnyima mtu huduma za serikali kama hajajisajili vikiwa vimezimwa. Halafu Julai 12, 2024 majaji watatu, Mabeya, Limo na Mugambi, wakasema sheria tatu kati ya zile nne ni kinyume cha katiba, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Wakapatia bunge siku 120 kurekebisha. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha huo uamuzi na SHA ikaanza Oktoba 1.

Ona sasa hiyo kasi iliokoa nini. Sheria ilisainiwa Oktoba 2023, kazi ikaanza Oktoba 2024. Mwaka mzima ulienda kortini. Huo mwaka ungetosha kabisa kuketi na wauguzi, madaktari, kaunti na wafanyabiashara wa Gikomba wakaulizwa watalipaje, na ungefika siku ile ile na sheria ambayo haining'inii kortini. Kwa hivyo Msomaji, hapo natofautiana nawe kidogo. Kumngoja mwanasiasa mwenzako ni kitu kimoja, kumngoja mwananchi ni kingine, na Kifungu 118 cha katiba yetu hakikupi ruhusa ya kuruka huyo wa pili hata ukiwa na wabunge wote 349.

Sista_Kayole

Hamjambo. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kituo cha level 3, yaani kituo kidogo cha afya chini ya hospitali, huku Eastlands, na nimewasoma wote. Mnaongea kura, wacha niwaambie sheria inavyoonekana ikifika kwa dirisha.

Mama anauza mboga, amesajiliwa SHA, yuko na namba kwa simu. Akija kwetu na mtoto anakohoa anaonwa bila kulipa, juu level 2 na 3 inalipwa na mfuko wa afya ya msingi na inataka usajili tu. Hiyo ni nzuri na naitetea. Mtoto akizidiwa tunamwandikia aende level 4 ama 5 alazwe, na sasa hapo ni mfuko mwingine, SHIF, na SHIF inataka awe amelipa. Yeye mchango wake umepimwa kwa maswali ya nyumba yako ni ya nini, unapikia nini, na hata akipata kile cha chini kabisa cha 300 kwa mwezi, hapewi kulipa 300. Analipa mwaka, 3,600, mara moja. Mama mboga ambaye stoku yake ya asubuhi yote ni elfu mbili ama tatu, unamwambia atoe 3,600 leo hii na mtoto amemshika begani. Anapiga simu kwa dada yake, anapiga kwa chama, anarudi kukaa kwa benchi. Nimeona hiyo mara nyingi sana na kila mara inanikata.

Baadaye wakaleta Lipa SHA Pole Pole ambayo unalipiwa ya mwaka halafu unarudisha kidogo kidogo, inasaidia wengine, lakini huo ni mkopo. NHIF ilikuwa ni 500 ya mwezi. Mtu wa biashara ndogo anahesabu kwa siku na kwa wiki, na huyo ndiye wengi wa nchi hii.

Ndio nikauliza, hii ilipokuwa inasomwa mara ya pili kuna mjumbe yeyote alisimama akauliza mtu wa Mutindwa atatoa wapi ya mwaka mzima? Kama upinzani ungekuwa umeshikilia hilo moja tu, si kukataa bima, kushikilia hilo, nafikiri hata wabunge wa serikali wangeona aibu kulipinga, juu wapigaji kura wao ni hao hao.

Na Ruaka_Raia, kwa heshima, hiyo hesabu yako ya viti mimi siielewi. Mgonjwa hajui nani alipata sifa.

Ruaka_Raia

Sista nimekusikia na sina jibu la kukupinga kwa huyo mama. Ninachosema ni kwamba mwanasiasa anafuata kinachomlipa. Kama kuketi na kurekebisha kipengele hakumpi kura na kupiga kelele kunampa, atapiga kelele. Kwa hivyo kazi iko kwetu ya kumpigia yule aliyerekebisha. Sisi hapa nani anajua mjumbe wake alisema nini kwa ule mjadala? Mimi sijui wa kwangu, na mswada ulikuwa wa pesa zangu.

msomaji_wa_usiku

Wakili hiyo tofauti yako naikubali, kumngoja mwananchi si sawa na kumngoja Grassley.

Naongeza tu kitu juu ya ile njia ya bajeti ya 51, juu watu wanafikiri ni ya upande mmoja. Obama alimalizia nayo 2010. Warepublican wakajaribu kufuta nayo 2017 wakashindwa. Biden akapitisha nayo ruzuku zaidi za bima 2021, akaziongeza 2022 kwa kura 51 kwa 50, lakini kwa sababu ya hesabu za bajeti ziliwekewa mwisho wa 2025. Trump naye Julai 2025 akapitisha nayo sheria kubwa inayobana Medicaid, tena 51 kwa 50. Na zile ruzuku za Biden zilipokaribia kuisha, Wademocrat ambao sasa ndio upinzani wakatumia kitu pekee walichokuwa nacho, filibasta, wakakataa kufunga mjadala wa matumizi ya serikali mpaka ruzuku ziongezwe. Serikali ikafungwa kutoka Oktoba 1 siku 43, ndefu kuliko zote zilizotangulia, wafanyakazi bila mshahara, na mwisho baadhi ya maseneta wao wenyewe wakavuka wakaifungua bila ruzuku kupatikana. Mzee alisema hesabu wako kwanza, na hapo tena ndio ilikuwa hivyo.

Kitu kikipita kwa 51 na tarehe ya mwisho imeandikwa ndani, mwenye bima anakaa na wasiwasi kila uchaguzi. Vile vipengele vya 2010 vilivyopita na 60, hiyo ya mgonjwa kutokataliwa na kijana wa miaka 26, bado viko.

Mkaaji_Donholm

Nimeelewa sana leo kuliko mwezi mzima wa kusikiliza redio. Wakili, sasa kama mtu anataka hiyo ya kulipa kila mwezi iingie kwa sheria yenyewe, si mkopo, anaanzia wapi? Kuna njia bila kungoja mjumbe ajisikie?

Wakili_Ngara

Iko. Kifungu 119 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, si lazima uwe chama wala shirika. Unaliandika kwa lugha rahisi, unaeleza ni sheria gani, kipengele gani, unataka kibadilishwe kiwe vipi, kama jambo hilo liko kortini unasema, watu wanaweka jina, namba ya kitambulisho na sahihi, unalipeleka kwa Karani wa Bunge. Likisomwa linaenda kwa kamati na kamati inatakiwa kujibu. Mimi naweza kuliandika wikendi hii bila malipo. Ninachohitaji ni Sista aniandikie vizuri hiyo hatari inayotokea kati ya kuandikiwa rufaa na kulazwa, bila jina la mgonjwa, juu kamati ikiona hiyo haitasema hawakujua.

Sista_Kayole

Nitakuandikia Jumamosi nikitoka zamu ya usiku. Na nitawauliza wenzangu wa level 4 kama wako tayari kuweka sahihi.

Mzee_wa_Makadara

Niwekeeni jina langu pale juu. Na Donholm, wale jamaa wa stoo waliokuwa wanagombana, watie sahihi wote wawili.